Ndevu za Mbwa wa Mradi

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akanidai ushujaa huko mbele. Naogopa radi, naogopa ng'ombe mwenye ndama, naogopa mtu anayeingia uani bila kupiga hodi. Lakini hofu niliyoipata mwaka ule, kwa ajili ya mbwa ambaye ungeweza kumtia kwenye ndoo na nafasi ikabaki, sijaipata tena tangu hapo.

Baba alikuwa dereva wa mradi wa maji mjini Musoma. Mradi ulipofika mwisho, Wazungu walifunga mizigo yao na kugawa vilivyobaki. Wenzake baba walipata friji, baiskeli, viti vya kukunja. Baba alipata mbwa. Mke wa bosi wake alimkabidhi huku analia, na baba, ambaye hajawahi kujua la kumwambia mwanamke anayelia, akapokea. Alishuka naye kwenye gari pale kijijini kwetu, Bukima, amemfunika kwa koti kama mtu aliyeiba. Mama alimtazama yule mnyama, akamtazama baba, akarudi jikoni. Kwa siku kadhaa waliongea mambo ya lazima tu.

Ilikuwa miaka ile sabuni imeanza kurudi madukani baada ya kupotea, na sokoni Bunda watu wanagombea marobota ya mitumba. Kitu kikitajwa sasa kilikuwa kinapatikana, alimradi uwe nacho cha kununulia. Dawa tu ndizo zilikuwa bado za kubahatisha. Hili nalitaja kwa sababu ndilo lililotutesa.

Mbwa mwenyewe alikuwa mweupe, mwenye nywele ndefu mwili mzima, na uso wake haukuonekana. Nywele zilimwagikia machoni, nyingine zikateremka kidevuni zikawa ndevu. Akinywa uji, uji unabaki kwenye ndevu. Akila dagaa, magamba yanabaki humo humo. Machozi yakimtoka yanagandamana na vumbi, macho yanafumba. Ilibidi nywele za usoni zipunguzwe mara kwa mara, na yule mama wa Kizungu alikuwa amempa baba maelekezo, ambayo baba alimsomea mama kwa kichwa kana kwamba ni sheria za barabarani.

Mkasi uwe na ncha butu. Asinyolewe akiwa na njaa wala akiwa ametoka kufukuzana na kuku. Umshike taratibu chini ya taya, usimshike sikio. Kitana kilale juu ya ngozi, na unachokata ni kile kinachobaki juu ya kitana. Karibu na jicho mkasi ulale kufuata pua, ncha yake isitazame jicho hata kwa sekunde. Nywele zilizofungamana zisivutwe, maana ngozi ya pale ni nyepesi, inainuka pamoja na nywele, nawe unaikata ukidhani ni fundo. Upitishe kwanza kidole kati ya fundo na ngozi. Akitikisa kichwa, ondoa mkasi, ngoja.

"Hata mimi wakati najifungua sikushikwaga hivyo," mama alisema.

Lakini ndiye aliyekuja kuwa fundi. Jumapili tukitoka kanisani alikaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, mbwa mapajani, mkasi wa shule mkononi, akimsemesha kwa lugha ya nyumbani. Alimbandika jina la Mzee wa Kanisa, kwa ajili ya zile ndevu. Mbwa alikuwa akifumba macho na kulala kabisa. Hakuwa amewahi kumtolea mama jino.

Siku aliyomtolea, ilikuwa asubuhi tu ya kawaida. Jana yake mbwa alishinda ufukweni, huko wavuvi wanakokausha kamba zao, akarudi jioni amelowa uso. Hakugusa chakula. Asubuhi nikamwona amejikunyata karibu na ghala, anajikwaruza mdomo kwa mguu wa mbele, na ndevu zote zimelowa mate mazito yanayoning'inia hadi chini. Mama akadhani amelamba kitu kichafu. Akachukua mkasi na kitana, akamweka mapajani, akamshika ndevu chini ya taya kama siku zote. Nilisikia sauti ya mbwa, halafu ya mama. Nilipogeuka mbwa alikuwa ameshaingia chini ya ghala, na mama ameshika mkono wake wa kulia, damu inatoka pale kati ya dole gumba na kidole cha shahada.

Hakuna aliyelitamka lile neno mara moja. Kiangazi kile kile, upande wa Suguti, kulikuwa na mtu aliyeng'atwa na mbwa, kidonda kikapona, akalima, akasahau. Kisha siku moja akaletewa maji ya kunywa akakirusha kikombe. Nilikuwa nimewasikia watu wazima wakisimuliana, kwamba alikuwa na kiu na hawezi kumeza, kwamba hata upepo wa mlangoni ulimshtua, kwamba ilibidi wanaume wamshike mpaka alipokata roho. Nilimtazama mama shingoni. Sikutaka kutazama pale, lakini macho yalikwenda yenyewe.

Shangazi yake baba, bibi mjane aliyekaa nyuma ya ua wetu, alifika kabla damu haijakauka. Alichungulia chini ya ghala, akayaona yale mate.

"Huyo ana kichaa," alisema. "Auawe sasa hivi. Lakini kwanza akatwe nywele za mdomo uliong'ata, zichomwe, majivu yapakwe kwenye kidonda. Hivyo ndivyo tulifanyaga. Na wewe uliyeng'atwa, mwanangu, usimtazame tena machoni."

Baba aliwasha baiskeli, nasema aliwasha kwa vile alivyoondoka nayo, akarudi na bwana mifugo. Huyo naye alichuchumaa mbali, akamtazama mbwa kwa muda mrefu, akaagiza mama aoshe mkono kwa sabuni na maji mengi, aoshe tena, na tena.

"Msimuue," alisema. "Mkimuua leo hamtajua kitu. Mfungeni, mumwekee maji, mumwangalie siku kumi. Kama anao huo ugonjwa, hafikishi. Ila mama huyu hawezi kungoja hizo siku bila dawa, atafutiwe sindano."

Mimi nikauliza, kwa matumaini tu, kama haiwezekani mfupa umemkwama.

"Binti, watu wanakujaga kwangu kila mara wanasema mbwa wetu amekwama mfupa. Wanaingiza mkono watoe mfupa. Hakuna mfupa. Ni ugonjwa umemshika koo. Mtu yeyote asimsogelee mdomo."

Zahanati hawakuwa na sindano hiyo. Baba akavaa shati la safari na kuondoka mchana ule ule kuelekea Musoma. Alisema akikosa atapita Butiama, akikosa ataendelea Bunda, na huko akikosa atapanda chochote kinachokwenda Mwanza. Tukabaki mimi na mama. Ndugu zangu wadogo walihamishiwa kwa bibi, nyuma ya ua.

Siku zilizofuata sitaki kuzipamba. Niliogopa nilipoamka, niliogopa nilipokuwa nachota maji, niliogopa zaidi nikimwona mama anakaribia mtungi. Kila asubuhi alijaza kikombe, akasimama mlangoni ninapomwona, akanywa chote bila kupumzika, akakipindua kunionyesha. Mimi nilikuwa nahesabu kumeza kwake. Siku moja alikohoa katikati ya kikombe, nikashika ukuta. Alikuwa amepaliwa tu, lakini nilikwenda nyuma ya choo nikatapika.

Jambo jingine lililonitisha ni upole wake. Mama yangu hakuwa mpole. Alikuwa mtu wa kufoka kwanza na kuuliza baadaye. Sasa akawa ananiita taratibu, ananionyesha mbegu ya mtama imewekwa wapi, nguo ya ubatizo ya mdogo wangu iko kwenye sanduku lipi, baba anapenda ugali uwe mgumu kiasi gani. Nilijibu ndiyo mama, ndiyo mama, na ndani yangu napiga kelele.

Mbwa alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya ghala. Hakula. Maji aliyatazama, akayainamia, akarudi nyuma. Hilo la maji ndilo lililomshinda mama. Alirudi ndani akalala kifudifudi, kisha akaniita.

"Niletee hizo nywele," alisema.

"Bwana mifugo amekataza, mama."

"Bwana mifugo amesema asiuawe. Sitamuua. Nataka nywele za mdomoni, bibi yako azichome. Sindano sijaiona, baba yako sijamwona. Nataka kitu kimoja niwe nimekifanya."

Bibi alikataa kukata mwenyewe. Kwa desturi yake mkataji lazima awe mtu anayekula chungu kimoja na aliyeng'atwa, asiwe mtoto mdogo, na aliyeng'atwa asiwepo wala asitazame. Nikahesabu waliokuwepo pale nyumbani, nikajikuta ni mimi peke yangu. Bibi alivuta mlango, akakaa na mama ndani, wakaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Afadhali wangenyamaza, maana ulikuwa wimbo wa mazishi.

Nilichukua gunia la pamba na kumrushia mbwa mwilini, nikamkunja ndani yake mpaka kikabaki kichwa. Alikuwa amekonda, hakupigana sana. Nilichana kipande cha khanga kuukuu nikafanya kitanzi, nikakizungusha pua na taya na kukikaza, nikafunga nyuma ya masikio. Fundo lilinishinda mara kadhaa. Alinguruma muda wote, ngurumo ndogo ya ndani niliyoihisi kifuani kwangu kuliko kuisikia. Mate yakanitiririkia mkononi. Nikayafuta kwa vumbi, kwa nguo, kwa majani, nikajikagua vidole kama vina mchubuko. Havikuwa nao.

Ningeweza kukata kishungi kimoja nikakimbia. Ndivyo nilivyokusudia. Lakini nywele za pembeni mwa mdomo zilikuwa zimeshikana kuwa kitu kigumu kama kipande cha ngozi kavu, na kitana hakikupita. Nilimkumbuka baba na sheria zake. Nikaanza kwa juu, karibu na jicho, mkasi umelala kufuata pua, nikakata kidogo, nikaondoa mkasi, nikangoja. Jicho likaonekana. Nilikuwa nimetegemea jicho jekundu la wazimu, kwa vile tulivyosimuliwa. Lilikuwa jicho la kahawia, limejaa machozi, linanitazama. Niliogopa zaidi, kwa sababu sasa nilianza kumwonea huruma, na mwoga mwenye huruma ni mtu wa hatari.

Nikashuka shavuni, kidogo kidogo. Nilipofikia lile fundo nilipitisha kidole cha shahada chini yake ili nitenganishe nywele na ngozi. Mbwa akalia ndani ya kitanzi, akajirusha na gunia lote, na kidole changu kikachomwa na kitu kikali mpaka mfupani. Nilidhani ni jino. Nilikaa chini pale pale, nimeshika kidole, naangalia tone la damu linavyokua, na akili yangu ikaenda moja kwa moja Suguti, kwa yule mtu na kikombe chake.

Ndani walikuwa wanaimba ubeti mwingine.

Sijui nilikaa kwa muda gani. Kilichoniinua ni kutazama kitanzi na kuona hakijalegea. Mdomo ulikuwa umefungwa. Basi jino limetokea wapi? Nikarudi, sasa kwa ncha za vidole tu, nikakata fundo tabaka kwa tabaka, na ndani yake nikakuta uzi wa nailoni umejiviringisha kwenye ndevu, na mwisho wa uzi ndoano. Ile ya kuvulia sangara. Imepita kwenye mdomo wa juu pembeni, ncha yake imetokeza nje na kujificha kwenye nywele, pande zote pamevimba usaha. Alikuwa amekula chambo ufukweni. Mama alipomshika ndevu, alikuwa ameivuta ndoano.

Niliona kila kitu kwa mara moja: mate, kukwaruza mdomo, kukataa chakula, kuyaogopa maji. Nilichukua koleo kwenye sanduku la vifaa vya baba, nikaikata ncha yenye meno, nikaivuta iliyobaki kinyumenyume. Mbwa alitetemeka, kisha akatulia. Nilipomlegezea kitanzi alijilamba, akaburuta gunia hadi kwenye bakuli, akanywa maji. Akanywa, akanywa.

Nikaosha kidole kwa sabuni mpaka ngozi ikakunjamana. Kisha nikaingia ndani na nywele kwenye kikapu, ndoano mkononi, na habari njema mdomoni. La kidole sikulisema. Mama aliishika ile ndoano, akaigeuzageuza, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Bibi alichoma nywele vilevile, kwa kuwa desturi haingoji ushahidi, akampaka mama majivu. Yaliyobaki kwenye kigae niliyachukua kimya kimya, nikaenda nyuma ya jiko nikajipaka. Mimi niliyekuwa nimefika darasa la saba na kumcheka bibi, nilijipaka majivu ya ndevu za mbwa mpaka chini ya kucha.

Bwana mifugo alipopita kesho yake alifurahi, lakini hakutupa matumaini yote. Alisema ndoano ni ndoano na ugonjwa ni ugonjwa, kimoja hakizuii kingine, na mbwa wa Suguti hajulikani aling'ata mbwa wangapi. Siku zimalizike. Sindano ikipatikana, ichomwe.

Kwa hiyo hofu ikarudi, na sasa ilikuwa ya watu wawili ndani ya mtu mmoja. Asubuhi mama akinywa kikombe chake mlangoni, mimi nakwenda kunywa cha kwangu kisimani, nisionekane. Nikimeza vizuri najiambia leo bado. Jioni mate yakinikauka kidogo najua ndiyo yameanza. Nilikuwa nalala nimeshika koo.

Baba alirudi siku ya tatu baada ya hapo, amepanda gari la sangara kutoka Mwanza hadi njia panda, mengine kwa miguu. Alinuka samaki. Mkononi alikuwa na chupa ya chai, na ndani ya chupa barafu aliyoomba kwenye lile lile gari, na ndani ya barafu vichupa vya dawa vimefungwa kwenye mfuko. Alikuwa ameambiwa sindano ni za tumboni, moja kila siku, na kwamba zile ni za mtu mmoja. Hazigawanyiki. Nyingine hazipo, na haijulikani zitakuja lini. Alipita zahanati akaja na nesi moja kwa moja.

"Haya mama watoto," alisema, hajakaa hata chini. "Nimechelewa lakini nimefika. Lala hapo."

Mama hakuinuka kwenye kigoda.

"Mchomeni huyu," alisema, akanionyesha kwa kidevu.

"Huyu ameng'atwa lini?"

"Muulize kidole chake kilipakwa majivu ya nini."

Nilificha mkono mgongoni kama mtoto mdogo. Nikasema ni ndoano tu, mama, sikung'atwa, ni ndoano imenichoma.

"Ndoano ilikuwa wapi?"

"Mdomoni."

"Basi."

Baba alitutazama kwa zamu. Alikuwa hajalala siku nyingi, na nilimwona anajaribu kufanya hesabu ambayo haifanyiki. "Na wewe?" alimwuliza mama. "Wewe je?"

"Mimi nimeshazaa," mama alisema.

Nilikataa. Nililia, nikamwambia kidole changu kimetobolewa kidogo na mkono wake umechanwa, nikamwambia mimi ndiye niliyeona ndoano na mbwa ni mzima, hana kitu. Akasema kama mbwa ni mzima basi kukosa sindano hakutamdhuru yeye, nami nisimpigie kelele.

Mbwa alikuwa mzima kweli. Alimaliza siku zake kwenye nguzo anakula dagaa kwa pupa, akafunguliwa, akaishi nasi miaka mingi, na nywele zake za usoni zilipoota tena nilizikata mimi. Mama anaishi mpaka leo, na amerudia kufoka. Sindano zile zote, na uvimbe wote niliolala nao tumboni, havikuwa na kazi yoyote. Lakini asubuhi ile hapakuwa na hata mtu mmoja aliyelijua hilo. Mama alinilaza mkekani, akapandisha gauni langu mwenyewe, akanikamata mikono yote miwili kwa mkono wake uliofungwa kitambaa, akamwambia nesi aanze.